Hemi 'Cuda au Chevelle SS 454 LS6 za 1970: pesa ya moja tu, unachukua ipi?

#1 Mtoto wa Tandika
Wakuu, salamu. Nipo Ohio huku, na kiangazi kikifika nashinda kwenye maonyesho ya magari ya zamani. Nina hoja, naileta tuitwange.

Plymouth Hemi 'Cuda ya 1970, yaani Barracuda yenye injini ya Hemi, inabebwa na jina. Isimamishe ubavuni mwa Chevrolet Chevelle SS 454 ya mwaka huohuo, ile yenye injini ya LS6. Kwa maandishi ya kiwanda LS6 ina nguvu za farasi 450, Hemi 425. LS6 ni inchi za ujazo 454, yaani lita 7.4, Hemi ni 426, lita 7. Aliyetaka Hemi aliongeza karibu dola 870 juu ya bei ya gari, zaidi ya robo ya bei ya 'Cuda kavu. LS6 uliongeza 260 na ushee tu juu ya kifurushi cha SS 454. Magazeti ya wakati ule yalipozijaribu robo maili, zote zilicheza kwenye sekunde 13 na pointi.

Leo nenda mnadani uone Hemi inavyoiacha LS6. Sasa hapo kinacholipiwa ni nini? Ukipewa pesa ya kununua moja uiweke, unachukua ipi?

Wenye Vitz tunaomba utulivu hadi ukurasa wa pili.

#2 Binti Mvita
Mimi nina Vitz na situlii. Nimezitazama picha zote mbili. 'Cuda imekaa chini, pua ndefu, nyuma fupi, ina makeke. Chevelle ni gari la mkuu wa wilaya anaenda kufungua zahanati. Kesi imeisha.

#3 Fundi Bloku
Mleta uzi, hizo 450 na 425 zisikupumbaze. Wakati ule injini ilipimwa ikiwa juu ya stendi, haina silensa za gari, haizungushi alteneta wala feni. Ndiyo maana 1972 walipohamia kupima injini ikiwa na vikorokoro vyake vyote, namba zilianguka kwa mkupuo.

Halafu tazama mizunguko. LS6 waliiandika 450 kwa mizunguko 5,600 kwa dakika, Hemi 425 kwa 5,000. Nani kakwambia Hemi inakata pumzi kwenye 5,000? Hiyo 425 ni namba ileile waliyoibandika injini ilipoingia barabarani 1966, na ndiyo iliyoondoka nayo 1971. Mimi nasema waliificha kusudi ili watu wa bima wasishtuke.

Ukifungua silinda hedi yake utaelewa pesa ilikwenda wapi. Chumba cha mwako ni nusu tufe, valvu za kuingiza na za kutoa zimekaa pande mbili zinatazamana, plagi iko katikati. Hewa inaingia huku inatokea kule bila kukata kona. Juu yake karabureta mbili za Carter, kila moja midomo minne. LS6 ina Holley moja. Hiyo dola 870 ilikuwa chuma, haikuwa jina.

#4 Dereva wa Lori TX
Mimi namuunga mkono #1. LS6 ndiyo mnyama. Hata Corvette ya 1970 waliipa injini hiyohiyo.

#5 Profesa Gia
#4, Corvette ya 1970 haikupata LS6. Ilipata injini ya LS5 ya farasi 390. LS6 iliingia Corvette mwaka 1971, ikiwa imeshushwa hadi 425, na zilitoka 188 tu. Yaani mwaka 1970 Chevelle ya baba mwenye familia ilikuwa na namba kubwa kuliko gari la michezo la kampuni ileile. Hapo ndipo LS6 inaponichekesha.

Na sababu ya kuwa ya mwaka mmoja ijulikane. Hadi 1969 General Motors, wenye Chevrolet, walikuwa na amri ya ndani: gari la saizi ya kati lisizidi inchi 400. Kwa 1970 wakaiondoa. Kwa 1971 wakashusha mgandamizo wa injini zote ili zinywe petroli hafifu isiyo na risasi, na Chevelle haikuiona tena LS6. Dirisha lilifunguka likafungwa.

#3, bima wale hawakusoma farasi peke yake. Walitazama uzito wa gari, injini na umri wa dereva. Nadharia yako ya kuficha imesimama kwa mguu mmoja.

#6 Fundi Bloku
Mguu mmoja unatosha ukiwa wa Hemi.

#7 Dereva wa Lori TX
Profesa, asante kwa somo, ada nitatuma kwa M-Pesa. Turudi kwenye mada. Jibu la #1 ni rahisi sana: uchache. Hemi 'Cuda za 1970 za paa gumu zilitoka 652, za paa la kukunja 14. LS6 zilitoka 4,475, na humo zimehesabiwa hadi pikapu za El Camino. Kitu kikiwa kichache kinapanda. Hata nyanya.

#8 Nyundo wa Thika
652 na 14 ni 666. Mlioshika dini mmeiona hiyo namba? Mimi nachukua Chevelle.

#9 Profesa Gia
Uchache peke yake haubebi, #7. Mwaka huohuo Buick walitoa GSX, gari la saizi ya Chevelle, injini ya inchi 455. Zilitoka 678. Linganisha na hiyo 666 ya Nyundo: ni karibu sawa kabisa. Ile ya Stage 1 ilikuwa na msokoto wa futi-pauni 510, kuliko LS6 yenye 500 na Hemi yenye 490. Kwa nadharia ya nyanya, GSX ingekuwa bei moja na Hemi 'Cuda. Haipo hata karibu.

#10 Kombo wa Muscat
Salaam aleikum jamaa. Huku kwetu Ghuba magari ya Kimarekani yana wenyewe, wazee wanayapenda tangu zamani. Lakini nawauliza nyinyi mnaosifia Hemi: mnajua kuwa ukiagiza Hemi kiwandani hukupewa kiyoyozi hata ukilia? Muscat mwezi wa sita, joto digrii 45, umekaa na injini ya lita 7 mbele ya magoti. Hilo ni gari la kutazama usiku.

Na mafuta je? Hemi ina mgandamizo wa 10.25 kwa 1, LS6 ndiyo balaa zaidi, 11.25. Ukitia petroli ya 95 ukakanyaga, utasikia injini inagonga. Wenye akili hurudisha taimingi nyuma, na farasi wako 450 wanabaki kwenye karatasi.

#11 Binti Mvita
Kombo, yaani mtu anatoa mamilioni halafu anafungua dirisha apate upepo? Vitz yangu ina AC.

#12 Mzee Karabureta
Vijana, nimewasoma wote, mnazunguka mbuyu. Nimefanya kazi gereji za Michigan miaka mingi, na nimeona zote mbili zikiwa wazi, bodi huku, injini kule. Nitawaambia kinacholipiwa: karatasi.

Chukua 'Cuda. Namba yake ya chesisi inaanza BS23R0B. B ya kwanza ni Barracuda, S ni daraja, 23 ni paa gumu milango miwili, R ni Hemi, 0 ni mwaka 1970, B ya mwisho ni kiwanda cha Hamtramck. Umeiona hiyo R? Kiwanda kimeiandika injini ndani ya namba ya gari yenyewe. Iko kwenye dashibodi chini ya kioo, iko kwenye hati ya umiliki. Fungua boneti, upande wa kushoto kuna kibati kimefungwa kwa skrubu. Utakuta E74, ndiyo Hemi tena. D21 ni gia nne za mkono, D32 ni otomatiki. Rangi ipo, na vikorokoro vimeandikwa kimoja kimoja.

Sasa njoo Chevelle. Namba inaanza 13637. Maana yake Malibu ya V8, paa gumu milango miwili. Imeisha. SS hakuna, 454 hakuna, LS6 hakuna. Malibu ya mwalimu wa shule yenye V8 ndogo inaanza hivyohivyo. Kwa sababu kuanzia 1969 SS ilikuwa kifurushi cha kuongeza, kwa 1970 kiliitwa Z15 kikiwa na 454 na Z25 kikiwa na 396. Kibati cha bodi nacho hakikwambii. Unabaki kutafuta karatasi ya kiwandani ambayo mafundi waliiacha juu ya tangi la mafuta au ndani ya springi za kiti. Ukishusha tangi ukaikuta, imeliwa na panya na imelowa, unaiinua kwa vidole viwili kama yai. Hiyo karatasi moja ndiyo nusu ya bei.

Gari lililouzwa mpya Canada lina nafuu, kwa kuwa General Motors ya kule ilitunza kumbukumbu. La Marekani, Mungu akusaidie.

#13 Mtoto wa Tandika
Mzee shikamoo. Kwa hiyo mtu ananunua herufi R?

#14 Mzee Karabureta
Marahaba. Ananunua usingizi.

#15 Nyundo wa Thika
Ndiyo maana kiwandani zilitoka 4,475, lakini ukifungua matangazo ya mauzo unaona kila Chevelle nyekundu yenye mistari miwili ni LS6. Zinazaliana usiku.

#16 Dereva wa Lori TX
Hilo nalithibitisha. Kuna jamaa yangu hapa Texas aliuziwa "SS 454" na dalali mmoja. Boneti ya kunyonya hewa kwa nyuma ipo, beji zipo, sauti ipo, majirani wanafunga madirisha. Alipokwenda kuipima thamani, mpimaji akaitazama injini, akamwuliza bei aliyonunulia, akanyamaza. Bloku ilikuwa ya lori. Kanyaboya la daraja la kwanza, na mkataba umeandikwa "inauzwa ilivyo".

#17 Fundi Bloku
Tuwe waungwana, hata Hemi zinachongwa. Mtu anachukua 'Cuda iliyooza yenye R, anang'oa kibati cha namba, anakibandika kwenye bodi nzima ya Barracuda ya kawaida. Kwa sheria ya shirikisho hilo ni kosa la jinai, na bado linafanyika. Halafu Hemi ngapi zimebaki na bloku yake ya kuzaliwa? Vijana walizinunua wakaenda kushindana nazo, injini ikipasuka inarudi kwa muuzaji kwa waranti, inafungwa nyingine. R ipo, injini ya R ilishauzwa chuma chakavu. Mzee, usingizi huo una mbu.

#18 Mzee Karabureta
Mbu ndani ya neti. R ikibaki bila bloku yake, gari bado ni Hemi 'Cuda na bei inapungua tu. Chevelle ikikosa bloku na karatasi, imebaki Malibu.

#19 Kombo wa Muscat
Hapo mzee kapiga penyewe.

#20 Profesa Gia
Hoja ya mzee ni nzuri ila haimalizi. Dodge Charger R/T ya Hemi nayo ina R kwenye namba. Coronet ina R. Road Runner ina R. Zote Hemi, zote uhakika uleule wa karatasi, na paa gumu kwa paa gumu 'Cuda ndiyo inayotajwa kwanza. Karatasi ingekuwa jibu, zote zingekuwa bei moja.

Mimi naiona hivi. Hemi ilikuwa jina la mashindano kabla ya kuwa gari la mtu. Februari 1964 Plymouth zilikwenda mbio za Daytona 500 na hiyo injini, Richard Petty akashinda, na Plymouth zikachukua nafasi tatu za mwanzo. NASCAR, wasimamizi wa mbio hizo, wakaikataa kwa 1965 kwa hoja kwamba si injini inayouzwa kwa raia. Chrysler, wenye Plymouth na Dodge, wakajibu kwa kuiuza kwa raia 1966. Kwa hiyo mtu aliyenunua Hemi alinunua injini iliyofukuzwa uwanjani. 'Cuda ya 1970 ndiyo mara ya kwanza Barracuda kupewa umbo jipana la kuibeba bila kubanwa. Jina kubwa ndani ya bodi nzuri. LS6 haina hadithi ya aina hiyo. Ilitoka kwenye orodha ya vifaa.

#21 Binti Mvita
Kwa hiyo ni uzuri wa bodi. Kama nilivyosema #2. Endeleeni kuandika.

#22 Fundi Bloku
Na rangi. Ule zambarau wao, Plymouth waliuita In-Violet, Dodge wakauita Plum Crazy. Lime Light, Lemon Twist, Vitamin C. Chevrolet nao walikuwa na rangi ila za watu wazima.

#23 Nyundo wa Thika
Kuna nadharia moja hamjaigusa: Plymouth ilikufa. Walifunga 2001. Marehemu hasemwi vibaya, na gari lake halishuki bei.

#24 Profesa Gia
Oldsmobile alikufa 2004, Pontiac akamfuata 2010. 442 ya Oldsmobile na GTO ya Pontiac hazijafika huko.

#25 Nyundo wa Thika
Profesa, kuna nadharia yoyote unayoipenda wewe zaidi ya yako?

#26 Dereva wa Lori TX
😂😂 Nyundo!

#27 Mtoto wa Tandika
Mzee Karabureta, nirudi kwako. Sahau mnada. Mtu anataka kuitunza mwenyewe, gereji ya nyumbani, anaendesha Jumapili. Ipi haimuui?

#28 Mzee Karabureta
Chevelle, bila kufikiri. Ina chesisi yake chini na bodi imefungwa juu kwa bolti, unaweza kuitoa nzima. Springi za koili mbele na nyuma. Spea ziko tele, kwa kuwa Chevelle za kawaida zilitengenezwa nyingi mno na viwanda vya spea mpya vimezifuata. Kutu yake naijua inapolala: chini ya kioo cha nyuma, pale maji yanapotuama, kisha inashuka kwenye buti. Kama ina paa la vainili, bonyeza pembeni ya kioo kwa kidole gumba. Ukisikia panakwaruza kama mchanga, humo ndani bati limekwisha.

'Cuda bodi na chesisi ni kitu kimoja. Mbele haina springi za koili, ina vyuma virefu vya kujisokota, nyuma ina springi za majani. Kutu ikila reli za chini si kuziba na kupaka rangi, unatengeneza mgongo. Na Hemi yenyewe inataka mtu. Karabureta mbili zikipishana kidogo tu, asubuhi ya baridi injini inazimika ukiachia mafuta. Wateja wangu wengine waliziacha mpaka plagi zikajaa masizi kwa kuendesha mjini polepole.

Ila LS6 nayo ina tapeti za kurekebisha kwa mkono, msidhani ni bure. Usipozirekebisha zitakuimbia.

#29 Kombo wa Muscat
Afadhali ziimbe. Dodge sasa wana Charger ya umeme yenye kifaa cha kutengeneza mlio. Mlio wa bandia!

#30 Binti Mvita
Nayo naamini ina AC.

#31 Nyundo wa Thika
Sisi wa Kenya tunazungumza kama watazamaji tu. Gari likivuka miaka minane halishuki Mombasa, na usukani ukiwa kushoto ndiyo kabisa. Hizi zimevuka hamsini na zina makosa yote mawili.

#32 Dereva wa Lori TX
Swali la pesa sasa. Hivi hawa wazee wanaozipenda wakiondoka, nani atazinunua? Mwanangu ukimwonyesha 'Cuda anauliza Supra iko wapi. Huku minadani Supra na Skyline zimepanda watoto wa miaka ya 90 walipopata kazi. 'Cuda ilipanda wenye umri wake walipostaafu. Naona mlango unafungwa.

#33 Profesa Gia
Walisema hivyo na baada ya 2008. Bei za Hemi zilikuwa zimepaa kwelikweli katikati ya muongo ule, zikaporomoka, watu wakaimba mazishi. Mwaka 2014 'Cuda ya Hemi ya 1971 ya paa la kukunja ikauzwa mnadani Seattle dola milioni 3.5. Zile za kukunja za 1971 ni chache kuliko hata 14 za 1970.

#34 Fundi Bloku
Hiyo ni moja, Profesa, tena ya kukunja. Gari moja la milioni tatu halimwokoi mwenye paa gumu asiye na bloku. Mimi naamini zitagawanyika: zenye kila kitu zitapanda, za katikati zitalala gereji. LS6 za katikati zitalala zaidi.

#35 Mtoto wa Tandika
Au zitakuwa bei ya kununulika na mtu kama mimi. Mimi sijabadili msimamo: LS6. Mzee kanitisha na karatasi, ila hajanishinda.

#36 Dereva wa Lori TX
Basi nisaidieni haraka. Kuna Chevelle ya 1970 imetangazwa Oklahoma, njia yangu ya Alhamisi. Muuzaji anasema LS6 halisi, karatasi ilipotea kwenye mafuriko, bei imeshuka. Nikifika nitazame nini?

#37 Mzee Karabureta
Simama mbele ya gari, upande wa abiria. Mbele ya silinda hedi kuna sehemu tambarare ya bloku, imejificha nyuma ya alteneta. Hapo pamegongwa herufi za injini na mwisho wa namba ya chesisi. Futa kwa kitambaa na tina, usiparue. Washa tochi uilaze pembeni, usimulike moja kwa moja. Ukiona mistari myembamba imenyooka sambamba, ni alama ya mashine ya kiwanda, na herufi ziwe zimegongwa juu yake. Pakiwa laini kama sahani, au mikwaruzo inazunguka, mtu alisaga akagonga zake. Kisha mwombe ainue gari utazame juu ya tangi.

#38 Dereva wa Lori TX
Nimempigia. Anasema alteneta haifunguliwi na mtu asiyelipa amana kwanza.

#39 Mzee Karabureta
Alhamisi pita Oklahoma na mzigo wako, usisimame.

#40 Mtoto wa Tandika
Dereva, nitumie namba ya huyo muuzaji PM.